Mnyamwezi na Sinia la Visheti Kisarawe

Aibu niliyoipata leo Kisarawe nawasimulia mwenyewe, kabla video haijawafikia. Ikiwafikia, yule mama anayetembea peku na sinia kichwani ni mimi. Ndiyo, mimi, mwalimu wa nidhamu.

Mnajua niko likizo Kibaha, kwa mdogo wangu pale Mkuza. Na mnanijua, nikifika mji wa watu nakula cha watu wa hapo. Chipsi hata Tabora zipo! Basi wiki nzima nimetafuta chakula cha Kizaramo. Nimezunguka Tangini, nimezunguka Sofu, kila mama lishe ninayemuuliza anatoka Singida. Mmoja akanitengea michembe. Viazi vikavu, mimi Mnyamwezi, niliyepanda basi kutwa nzima kuvikimbia!

Leo asubuhi shemeji yangu akasema ana safari ya Kisarawe. Hakumaliza kusema, nimeshakaa kwenye gari na mkanda nimefunga.

Pale sokoni nikaelekezwa kibanda cha Bi Mwajuma, bibi wa Kizaramo aliyezaliwa hapo hapo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi!" Akapiga makofi. "Afadhali umekuja, nina magunia ya mkaa hayana mbebaji."

Jamani, nikajisikia nyumbani. Kwa wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu zetu kubeba mizigo ya misafara mpaka pwani. Namtukana, ananitukana, nakwapua chakula chake mbele ya macho yake na hakuna wa kununa. Hiyo haki nimeirithi, na huwa naitumia bila huruma.

Akaniletea bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu kilichokolea nazi. Nikala mpaka nikalegeza mkanda. Nikamwambia sasa nimeelewa kwa nini wanaume wa Kizaramo hawaendi kazini. Akanijibu nikimaliza nilambe na sahani, nimpunguzie kuosha. Raha tupu! Nilijiona nimepanda chati.

Hapo akaingia mama mmoja, kajitanda kanga, kabeba sinia lililofunikwa kawa. Akamwambia Bi Mwajuma kwa sauti ya chini, "Bibi, vile visheti vya harusi nimemaliza. Wanavisubiri kwa bibi harusi, lakini naogopa. Ni mara yangu ya kwanza kukubaliwa kupikia shughuli ya hapa. Onja wewe. Ukisema havifai, sivipeleki."

Bi Mwajuma akaenda uani kunawa mikono. Yule mama akaliweka sinia mezani, akaketi, akafunua kawa.

Visheti vyenyewe sasa! Vimekaangwa vikawa rangi ya asali, vina mistari iliyonyooka, sukari imeganda juu vizuri. Mate yakanijaa. (Na akili yangu ilishatoa hukumu. Kanga, kawa, visheti, tena Kisarawe. Mzaramo huyu! Nafundisha watoto wasome swali kabla ya kujibu, halafu mimi mwenyewe sikuuliza hata jina.)

Nikakwapua vitatu kwa mpigo, nikavitia mdomoni. Nikaigonga meza kwa ngumi.

"Hivi ndiyo visheti au kokoto? Kuku wangu wa Tabora wangevisusa! Bibi harusi akila hivi, ndoa haifiki Jumatatu. Lete hapa, sinia hili nalitaifisha, nikazibie mashimo ya barabara!"

Nikalivuta sinia upande wangu, nikakaa tayari kupokea matusi yangu.

Hayakuja.

Nikaangalia. Yule mama anavikodolea macho visheti vyake. Hakuwa amenuna, alikuwa ameamini.

"Kweli, dada?" akasema. "Hata mimi niliona havijakaa sawa." Akarudisha kawa taratibu, akalichukua sinia lake, akanyanyuka.

Bi Mwajuma akarudi, mikono inadondosha maji. "Mama Atu, wapi tena?"

"Nakwenda kuvimwaga, bibi. Watasema walijua huyu wa kuja hataweza."

Mama Atu? Wa kuja?

"Dada, samahani," nikasema, "wewe si Mzaramo?"

"Mimi Mnyakyusa, wa Tukuyu. Nimekuja huku na uhamisho wa mume wangu."

Mungu wangu! Nikatoka mbio nyuma yake, visheti viwili bado viko shavuni. "Dada, vitamu! Nilikuwa natania! Wallahi vitamu!" (Mimi ni Mkatoliki. Sijui hiyo Wallahi ilitoka wapi.)

"Unatania na nani?" akanigeukia, machozi yanamtoka. "Mimi nakujua wewe?"

Soko zima likasimama. Wauza nyanya, wauza ndala, na vijana wa bodaboda na simu zao. Nikataka kujieleza, unga wa sukari ukanirukia kwenye blauzi. Nani angemwamini mtu aliyetoka kupiga kelele kwamba ni kokoto, halafu bado anatafuna?

Bi Mwajuma akafika, anahema. Akafunua kawa, akachukua kimoja. Akatafuna upande wenye meno. Akatafuna tena. Mama Atu alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nasali, safari hii Kikatoliki.

"Nani kakufundisha?" bibi akauliza.

"Wewe. Nimekaa jirani yako miaka sita, nilikuwa nakuangalia tu ukipika."

Bibi akaligeukia soko. "Sikilizeni. Kisheti hiki ni cha Kizaramo, na anayekipika hivi ni Mzaramo, mtake msitake. Kwa hiyo huyu Mnyamwezi hana kosa. Kamtania mtani wake."

Nikashusha pumzi. Nikakung'uta blauzi, nikainua kichwa. Si mnaona? Sheria iko upande wangu!

"Ila mtani naye ana haki yake," bibi akaendelea. "Mama Atu, mtoze."

Mama Atu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akaniangalia toka juu mpaka chini, bila haraka. Kumbe mtu anaweza kujifunza utani kwa dakika moja.

"Wanyamwezi si wabebaji?" akasema. "Avue viatu. Alibebe sinia langu mpaka kwa bibi harusi. Na kila anayekutana naye amwambie, mimi ndiye niliyevila visheti vya bibi harusi kabla ya bibi harusi."

Nikavua. Ningefanyaje? Mchanga wa Kisarawe saa saba mchana unachoma, naomba mniamini. Sinia kichwani, peku, Mama Atu mbele, Bi Mwajuma nyuma ananihesabia hatua. Nikamtangazia fundi cherehani. Nikamtangazia mzee aliyekuwa anatoka msikitini, akanijibu "Mungu akusamehe" kwa uchungu wa kweli. Vijana wakanipigia honi mpaka tunafika.

Kule kwa bibi harusi wanawake wakapokea kwa vigelegele. Wakaonja wa kwanza, wa pili, halafu mikono ikawa mingi kuliko visheti. Mama mmoja mnene akauliza nani kapika.

"Mama Atu," akasema Bi Mwajuma. "Mzaramo mwenzetu."

Hakuna aliyebisha. Mama Atu akanyoosha mgongo, jamani, akarefuka kabisa mbele ya macho yangu. Nikajivuna kama vile unga niliukanda mimi.

Vimebaki viwili. Nikanyoosha mkono kwa adabu zangu zote. Paa! Mama Atu kanipiga kofi la vidoleni.

"Mnyamwezi, mzigo umeshashusha. Nenda zako!"

Uwanja mzima ukacheka mpaka bibi harusi akachungulia dirishani. Nimetukanwa na watani maisha yangu yote, lakini Mzaramo huyu nimemtengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe. Anayetaka kunicheka aje na mtani wake aliyemtengeneza mwenyewe.