Mama Mkwe Aliyeomba Mawaidha Akapewa Joto

Kwa maelezo ya Mama Cherehani, ambaye ukuta wa chumba chake cha kushonea ndio huohuo ukuta wa ua wa bosi, mama mkwe wa bosi alishushwa garini jana akifuka mvuke.

"Kama sufuria," alisema Mama Cherehani, akaweka kikombe cha kahawa chini ili mikono yote miwili ipate kutoa ushahidi. "Watu wawili wamemshikilia huku na huku. Kilemba kimelowa chapachapa. Ile nguo iliyopigwa pasi asubuhi nzima imemganda kama stempu kwenye bahasha. Na mdomoni hana neno ila moja: 'Kanipika! Dereva kanipika!'"

Benchi zima likamgeukia dereva.

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili chakavu, kati ya kituo cha kuosha magari na kibanda cha fundi redio. Dereva alikaa kwenye ncha ya mwisho, ufunguo wa gari umemlalia kiganjani. Pale kijiweni walimwita Taratibu, maana miaka kumi na moja ya udereva hajawahi kumpita mtu. Yeye ndiye hupitwa, hata na baiskeli.

"Sikumpika," alisema Taratibu. "Nilimpeleka kwa dada yake."

"Ulimpeleka mbichi ukamrudisha ameiva," akadakia fundi redio. Huyu walimwita Spika, kwa sababu kunong'ona kwake kulisikika ng'ambo ya barabara.

"Cheka, Spika, cheka. Saa tano bosi anakuja kuchukua ufunguo wake. Gari nimelileta lioshwe nimkabidhi likiwa safi, asije akasema na uchafu nimemwachia. Na mnajua chumba ninacholala ni cha ndani ya ua wake. Mke wangu toka alfajiri anakunja magodoro."

Hapo kicheko kikapungua kidogo. Kukunja magodoro si jambo la mzaha.

Hatua nne kutoka benchi, Povu alikuwa ameingiza nusu ya mwili ndani ya gari hilohilo, anapangusa. Alikuwa binti wa maneno machache. Kila neno la benchi alilisikia, wala hakuna aliyekumbuka kuwa yupo. Muosha magari huonekana pale tu gari linapobaki na doa.

"Hebu anza mwanzo," alisema Mzee Gia, aliyeendesha malori mpaka magoti yakamgomea. "Mtu hapikwi hivihivi. Lazima kuna aliyewasha jiko."

Taratibu akashusha pumzi. "Gari lina wiki moja. Mimi nilikuwa naliendesha vioo chini, redio kimya, nalizoea. Bosi akanikalisha, akaniambia, 'Hili ni la kisasa. Usibahatishe. Fuata picha.' Kuna swichi mbili za kuzungusha, zimekaa bega kwa bega, pacha watupu. Moja ina rangi kichwani, buluu huku, nyekundu kule. Hiyo ya baridi na joto. Nyingine imechorwa kispika. Hiyo ya sauti. Basi. Nikafuata picha kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Na vioo?"

"Mama kakataza visishushwe. Vumbi. Tunatoka, redioni mawaidha yanaanza. Anasema, 'Mwanangu, sisikii vizuri, ongeza.' Naongeza. Kidogo anasema, 'Mbona kuna joto?' Nazungusha upande wa buluu. Anasema, 'Sasa mawaidha umeyapeleka wapi?' Naongeza kispika. 'Joto, mwanangu!' Buluu. 'Mawaidha, mwanangu!' Kispika. Kila nikimtii anazidi kulowa."

"Si ungezima kila kitu?"

"Nilizima. Akasema anakosa hewa, niwashe."

Mzee Gia akakuna kidevu. "Na hayo mawaidha yalihusu nini?"

Taratibu akatazama viatu vyake. "Moto wa ahera."

Benchi likavunjika mbavu. Mama Cherehani alimpigapiga Spika begani kama anayekung'uta mkeka. Mzee Gia kahawa ilimpalia ikatokea puani.

"Mwisho," Taratibu aliendelea, kwa upole wa mtu aliyekwishahukumiwa, "mawaidha yakakatika kabisa. Ukabaki moto peke yake."

"Jamani, niacheni!" Mama Cherehani alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Lakini mimi nawaambia, hapa kuna mkono wa mtu. Mama mkwe kaja kukaa wiki mbili, sasa ni mwezi wa tatu. Funguo za kabati la vyombo anazo yeye. Halafu ghafla linaletwa gari lenye jiko ndani? Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo mkwe wake ndiye aliyelitega."

"Acha uzushi wewe mama," alisema Spika. "Hili ni suala la umeme. Umeme wa redio na umeme wa joto umepita kwenye njia moja, nyaya zimekutana, zikapendana, zikaoana. Ukiita mume anaitika mke. Nimeshaziona redio za namna hiyo mia."

"Ulizitengeneza ngapi?" aliuliza Mzee Gia.

"Nimesema nimeziona."

"Shida yenu ni raha," alisema Mzee Gia. "Lori langu lilikuwa na kiyoyozi kimoja, dirisha. Na redio moja, utingo. Ukitaka kupunguza sauti, unampa kipande cha mkate anatafuna. Ukitaka kuizima kabisa, unamwambia ashuke asukume. Hakuna picha, hakuna rangi. Leo mtu mzima anapigwa na kisu cha baridi tumboni, nje jua linawaka, halafu anaita maendeleo!"

Povu alikuwa ameacha kupangusa. Macho yake yalikuwa kwenye zile swichi mbili, na moyo wake ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ndala.

Juzi mtoto wa bosi alimwaga sharubati pale mbele. Ilinata kila mahali, ikaingia mpaka kwenye mianya ya swichi ambako kitambaa hakifiki. Povu hakuwa mtu wa kuosha juujuu. Alivishika vile vichwa vya swichi, akavivuta, vikachomoka kama vifuniko vya kalamu. Akavitia kwenye kikombe cha maji ya sabuni, akavisugua kwa mswaki wa zamani mpaka vikang'aa. Mara akasikia pikipiki ya mwenye kituo inaingia. Akavirudisha mbiombio.

Mbiombio, naam. Mwenye rangi akakaa kwa mwenye kispika, na mwenye kispika akakaa kwa mwenye rangi.

Kwenye ukuta wa kituo, kwa rangi nyekundu, yaliandikwa maneno ambayo Povu aliyasoma kila siku akifika: HAKUNA KUFUNGUA KITU CHA MTEJA. Mwezi uliopita mwenzake alifunguliwa mlango wa kutokea kwa kosa la kubandua kifuniko cha kioo cha pembeni, na alikibandua ili kukifuta vumbi. Kazi hii Povu aliitafuta miezi saba, mlango hadi mlango.

Akatazama benchi. Spika alikuwa amesimama anaozesha nyaya kwa mikono, Mama Cherehani anampinga, Mzee Gia anawapinga wote. Hakuna aliyeangalia garini. Povu akavuta kichwa kimoja. Akavuta cha pili. Akabadilisha. Tak. Tak. Akavipangusa, akatoka, akaanza kufuta taa za mbele kwa bidii ya kupita kiasi.

Basi yamekwisha, alijiambia. Bosi atakuja, atalijaribu, atalikuta zima, kila mtu atalala kwake.

Bosi alifika kwa miguu saa tano kasorobo, shati limemshika mgongoni. Hakusalimia benchi. Benchi ndilo lililomsalimia, mara tatu.

"Ufunguo," alisema.

"Bosi, shikamoo. Nakuomba kitu kimoja tu," Taratibu alisimama. "Ingia uone mwenyewe. Gari lina ugonjwa. Mzee Gia, tafadhali, kaa nyuma uwe mama mkwe."

Mzee Gia hakuhitaji kubembelezwa. Alinyang'anya kanga ya Mama Cherehani, akajifunga kilemba, akajipachika kiti cha nyuma akiwa amebinua midomo. Bosi akakaa mbele kushoto, uso wa hakimu. Taratibu akawasha gari, redio ikaimba.

"Mwanangu, sisikii, ongeza!" Mzee Gia alitoa sauti nyembamba iliyomfanya Spika aume kola yake.

Taratibu akazungusha kispika. Muziki ukapanda.

"Joto, mwanangu!"

Taratibu akazungusha buluu. Ubaridi ukatoka, wa kwelikweli, wa kustahili bei ya gari. Taratibu akazungusha tena, na tena. Jasho likaanza kumtoka yeye peke yake.

"Taratibu," Mzee Gia alisahau sauti ya kike, "mimi naganda huku. Magoti yangu hayana mkataba na barafu."

Bosi alinyosha mkono, akazima gari.

"Gari halina ugonjwa," alisema polepole. "Halina hata mafua. Sasa niambie, jana nani alikuwa mpishi?"

"Bosi, naapa..."

"Ulikuwa unamchezea mama wa mke wangu. Mtu mzima, anakuomba hewa, wewe unampa moto. Leta ufunguo. Na chumba nakitaka kabla ya jioni."

Taratibu aliuchomoa ufunguo polepole, kama jina lake.

Benchi lililokuwa na majibu yote tangu asubuhi likajitafutia shughuli nyingine. Spika aligundua kamba ya kiatu iliyohitaji kufungwa. Mama Cherehani alitazama angani, ambako hakukuwa na kitu.

Povu alisimama na kitambaa kinachotiririsha maji mguuni kwake. Angenyamaza, nani angejua? Alilitengeneza gari ili kumwokoa mtu, na kule kulitengeneza ndiko kulikomzika. Sasa mke wa mtu anakunja magodoro.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyegeuka.

"Nimesema ni mimi!"

Wakageuka wote, wakamwangalia kama ndoo iliyoongea.

"Wewe binti, umefanya nini?" aliuliza bosi.

Povu hakueleza. Aliinama kupitia mlango wa dereva, akavichomoa vile vichwa viwili, akavibadilisha kama vilivyokuwa juzi. Akamwambia, "Kaka Taratibu, washa. Mwongezee babu sauti."

Taratibu akaurudisha ufunguo, akawasha. Akazungusha kispika mpaka mwisho. Sauti haikutikisika hata nukta. Wakangoja. Muda si muda pua za gari zikaanza kupumua joto.

"Ongeza tena," alisema Povu.

"Asiongeze!" Mzee Gia alikuwa anahangaika na mlango. "Nifungulieni! Huyu mama mkwe ana wajukuu!"

Mama Cherehani alimfungulia, akampokea, na zaidi akaipokea kanga yake. "Mnaona? Mnaona? Akifuka mvuke! Mkasema nazusha!"

"Nilisema mimi ndoa," alisema Spika. "Nilikosea tu maharusi."

Bosi alivitazama vile vichwa viwili. Halafu mdomo wake ukapinda upande mmoja, kicheko kikamtoka, kirefu, cha mtu aliyekumbuka kilemba kilicholowa na ambaye kwa miezi mitatu hakupata nafasi ya kucheka nyumbani kwake. Alicheka mpaka akashika paa la gari.

"Kumbe ndio ule moto wa ahera alioulalamikia mama!" alisema. "Na mawaidha hakuna!"

Benchi likacheka naye, kwa adabu kwanza, kisha kwa nguvu zote. Penye bosi kucheka, kila mtu hugundua kuwa alikuwa na kicheko cha akiba. Taratibu akashuka kumpisha Povu, naye akavirudisha vichwa mahali pake sahihi.

"Haya, Taratibu, rudi kwenye usukani. Mpigie mkeo akunjue hayo magodoro," alisema bosi, akahamia kiti cha nyuma, akifuta macho. "Twende, nimechelewa. Mwenye kituo ananingoja hapo mbele, tuna kikao. Hii lazima nimsimulie, atakufa kwa kicheko."

Kicheko cha Povu, ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza, kikarudi kilikotoka.

Taratibu alipita mbele yake haraka, haraka kuliko alivyowahi kupita chochote. Akaketi, akafunga mlango, akawasha. Povu akazunguka mpaka dirisha la nyuma, akainama.

"Bosi, naomba. Simulia yote, lakini usimwambie kuwa nilivichomoa. Sema vililegea. Sema chochote. Naomba sana, bosi."

Kioo kilikuwa kinapanda. Ndani, bosi alijipepea kwa kola, akasema kitu kwa dereva. Taratibu, macho yake mbele, akazungusha swichi ya kwanza upande wa buluu. Akahamia ya pili. Wimbo ukajaa garini mpaka vioo vikatetema.

"Kaka Taratibu!" Povu aligonga kioo kwa kiganja chenye povu. "Mwambie wewe! Mwombe kwa niaba yangu!"

Taratibu alimtupia jicho mara moja, mkono wake ukiwa bado kwenye kile kispika. Kisha ukazungusha tena, kuelekea juu, na gari likaondoka.