Mjumbe Namba Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa Kitivo kastaafu. Kaondoka na kalenda ya ukutani na birika la chai, kaacha kiti. Kiti kile! Cha ngozi, kinazunguka. Alhamisi Bodi ya Kitivo inachagua Kaimu wa kukikalia mpaka Desemba. Nimeamua ni mimi. Miaka kumi na tisa nafundisha chuo hiki, na mpaka leo barua zangu zinaanza na "Ndugu Mhadhiri". Nimechoka kuwa ndugu.

Mpinzani ni mmoja tu, Bi Kanuni. Jina tumempa wenyewe, maana kitabu cha kanuni za chuo hakimtoki kwapani. Akikohoa, anataja kifungu. Wajumbe wanamwogopa, na hapa kwetu mtu akiogopwa hupigiwa kura.

Nyumbani hali si nzuri. Baba mkwe amelazwa zahanati ya chuo, wiki ya tatu sasa. Moyo. Ni mhadhiri mwenzetu, mkongwe kuliko wote. Ndiye aliyesimamia tasnifu yangu, kisha akanipa binti yake. Mke wangu husema Mzee alikosea mara mbili. Daktari kasema hapa hakuna vifaa, apelekwe hospitali kuu kabla mwezi haujaisha. Lakini bila barua ya rufaa ya Kamati ya Matibabu ya chuo, haendi popote. Kamati inakaa Jumanne ijayo. Mke wangu kaniomba nilisukume faili. Nimemwapia nitalisukuma. Na nikiwa Kaimu Mkuu, nani atathubutu kulikalia faili la mkwe wangu? Kwa hiyo kiti kwanza. Ni kwa faida ya Mzee mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimebaki chache lakini zinafanya kazi!

Mimi ndiye mratibu wa mitihani wa kitivo. Kikao ni kesho saa nne asubuhi. Mtihani wa mwaka wa kwanza nao ni kesho saa nne asubuhi. Ulikuwa saa nane mchana, nimeusogeza kwa mkono wangu. Msimamizi mkuu, Ukumbi wa Tatu: Bi Kanuni. Na kanuni zake mwenyewe zinasema msimamizi haondoki mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka Karani wa Kitivo akagonga mlango kuuliza kama nimepaliwa.

Sikupita kwa Mzee leo. Nitapita kesho na habari njema.

Alhamisi, 7 Machi

Lo! Mtihani ule una watahiniwa mia tatu na arobaini. Sikuwahesabu. Watahiniwa wote hao wanataka wasimamizi wanane, na Bi Kanuni, kwa mujibu wa kifungu, akawachukua wahadhiri saba wa kwanza aliokutana nao koridoni. Wote saba wajumbe wa Bodi. Watano kati yao nilishawanunulia chai.

Saa nne na nusu tuko wanane mezani. Bodi ina wajumbe kumi na saba, akidi ni tisa. Tukasubiri. Mhadhiri tunayemwita Makofi, kwa sababu hupigia makofi kila kitu hata kufungwa kwa kikao, akaanza kusinzia. Karani akasema asipopata saini tisa anafunga daftari. Nikamwomba ahesabu tena, labda kuna mtu kamsahau. Akanijibu kwamba kazi yake ni kuhesabu saini, vichwa si kazi yake.

Maneno hayo yaliniingia.

Orodha ya mahudhurio hupangwa kwa ukongwe. Namba moja, juu kabisa, ni baba mkwe, na mbele ya jina lake palikuwa peupe. Saini yake naijua kuliko yangu. Imo kwenye kila sura ya tasnifu yangu, chini ya neno "Rudia". Nikaivuta orodha kana kwamba naangalia tarehe. Nikamtilia. Mkia mrefu mwishoni, kama anavyopenda. Angekuwa mzima si angekuja? Karani akahesabu tisa bila kuinua uso. Nikapita bila kupingwa. Makofi akazinduka, akapiga makofi.

Kaimu Mkuu wa Kitivo! Nimefika nyumbani nimemwambia mke wangu. Akauliza faili la baba limefika wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Kiti kina mguu mbovu. Ukiegemea kushoto kinakumwaga. Nimeanguka mara mbili kabla ya chai. Sasa naegemea kulia.

Saa tano ikaingia barua ya Bi Kanuni. Anajua kujumlisha, mwanamke yule. Wajumbe wanane walikuwa Ukumbi wa Tatu, anasema, na mmoja yuko kitandani zahanati. Kumi na saba toa tisa. Anaomba kujua, kwa heshima, mjumbe namba moja aliingiaje kikaoni. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Lakini mimi si mtoto. Uongo mdogo ukikonda hufa, dawa yake ni kuulisha. Nimekaa na kumbukumbu za kikao mchana kutwa. Sasa zinasema kwamba mjumbe namba moja aliwasili saa nne na nusu kwa miguu yake mwenyewe, akiwa mchangamfu, akatoa nasaha kwa dakika ishirini juu ya umoja wa kitivo. Nasaha nimezitunga mimi. Tamu kweli! Makofi kazisoma akasema anazikumbuka vizuri. Karani kachapa, kagonga muhuri, kasambaza nakala kama kawaida: utawala, maktaba, kamati zote za chuo. Bi Kanuni akabishane na muhuri.

Nimepiga simu kuulizia faili la Mzee. Haikupokelewa.

Jumanne, 12 Machi

Kamati ya Matibabu imekaa. Imekataa.

Katibu wa Kamati kaniita kunionyesha jalada. Chini, ripoti ya daktari. Juu yake, kumbukumbu zangu, aya ya nasaha imepigiwa mstari mwekundu. Wajumbe wamesema mgonjwa anayepanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na kuhutubia dakika ishirini hana haja ya hospitali kuu. Atibiwe hapahapa, apunguze kuhutubia.

Kamati zote za chuo. Niliyasoma maneno hayo mwenyewe kabla hayajatoka. Sikufikiri. Nikaomba maji.

Katibu ni mtu mwema. Aliniangalia, nadhani alielewa, hakuuliza. Alisema tu kwamba likitokea kosa la kumbukumbu, halina shida. Mstari mmoja wa mkono wangu kwamba Mzee hakuwepo kikaoni, nao watapitisha rufaa kesho yake bila hata kukaa. Mstari mmoja.

Nimeuandika. Maneno saba. Nikauona ukikitoa kiti chini yangu, na baada ya kiti ajira, na baada ya ajira jina. Nimeuweka kwenye droo mpaka nipate utulivu.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu kaipata nakala ya kumbukumbu. Alikuwa amesimama jikoni ameishika, amenipa mgongo. Nilitegemea kelele, kelele nazijua namna ya kuzikabili. Hakupiga kelele. Alisema, "Saa nne na nusu ile nilikuwa namlisha baba kwa kijiko. Kesho uende ukaseme, baba watoto. Uende kwa miguu yako mwenyewe."

Maneno yangu hayo, ya kwenye kumbukumbu. Sikula.

Jioni nikaenda zahanati. Nilimpa Mzee shikamoo, akaitikia kwa shida. Amepungua, mikono imebaki mishipa. Mama mkwe alinipisha kigoda akatoka nje, na mama mkwe huwa hatoki nje. Mzee akafumba macho. Kisha akasema, "Nimesikia nilihudhuria kikao. Nilisema vizuri?"

Nikamjibu kwamba alisema vizuri sana.

"Ningekuwepo kweli," akasema, "ningempa kura Bi Kanuni."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nesi akaja akanitoa. Nimelia njiani. Nampenda yule mzee. Nasema kweli, hapa hakuna anayesoma. Kesho asubuhi napeleka ule mstari.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeutoa mstari kwenye droo saa mbili kamili. Niliupeleka? Ningeupeleka. Lakini barua yoyote ya mhadhiri kwenda kwenye kamati lazima ipitie kwa Mkuu wa Kitivo, na Kaimu Mkuu ni mimi. Utaratibu ni utaratibu. Nikaandika upya: "Kupitia kwa Kaimu Mkuu wa Kitivo". Nikaiweka kwenye trei ya kuingia. Nikahamia upande wa pili wa meza, nikaipokea.

Kama Kaimu Mkuu sikuridhika nayo. Inakanusha kumbukumbu za Bodi, na kumbukumbu za Bodi hurekebishwa na Bodi. Nikaandika pembeni: "Isubiri kikao." Nikaitisha kikao cha marekebisho kesho Ijumaa, saa tisa alasiri.

Ijumaa saa tisa alasiri chuo hiki hakina hata paka. Najua. Nilijua wakati naandika.

Ijumaa, 15 Machi

Tulikuja wanne. Bi Kanuni alikuwepo, mapema, na kitabu chake. Alisema tusihangaike na Bodi, nichukue karatasi niandike twende naye kwa Katibu sasa hivi, na habari ya kiti tutaizungumza Mzee akishapona. Aliongea taratibu, hakutaja kifungu hata kimoja. Nikaona mtego. Mtu aliyenishambulia kwa barua wiki iliyopita leo aniombee mema? Nikamwambia bila akidi hatuna kauli. Nikaahirisha mpaka Alhamisi.

Nimemwambia mke wangu kwamba nimejaribu, akidi haikutimia. Kahamia zahanati, analala kwenye mkeka kando ya kitanda cha baba yake. Daktari anaulizia barua kila asubuhi.

Jumanne, 19 Machi

Mzee kafariki alfajiri. Katibu wa Kamati kanipigia simu ya pole, akauliza kama ule mstari niliwahi kuuandika. Nikasema uko mezani kwa Kaimu Mkuu.

Alhamisi, 21 Machi

Tulimzika jana kwao, mwendo wa saa sita kwa basi. Mke wangu kabaki msibani. Bi Kanuni kabaki naye, ndiye anayemshika mkono, na wajumbe wengi wako huko. Mimi sikuombwa kubaki. Mke wangu aliniangalia mara moja tu, pale kaburini, na namna alivyoniangalia sitaki kuiandika. Nikapanda basi la kwanza kurudi. Kikao kilishapangwa.

Ajenda ya marekebisho nimeifuta. Mhusika hayupo tena, yatamsaidia nani? Zimebaki mbili: kuthibitisha kumbukumbu za tarehe saba, na dakika moja ya kumkumbuka marehemu. Zikithibitishwa leo, Bi Kanuni hana pa kushika, na kiti ni changu mpaka Desemba. Nikishatulia nitafanya jambo kubwa kwa jina la Mzee. Nafikiria ukumbi. Ukumbi wa Tatu, labda.

Saa nne na nusu nikahesabu vichwa. Wanane.

Nikakaa, nikiegemea kulia. Machozi yalinitoka, Makofi akanipa leso. Kisha orodha ya mahudhurio ikanifikia. Hakuna aliyekumbuka kulifuta jina la marehemu. Namba moja, jina lake, na mbele yake peupe.

Mzee mwenyewe aliwahi kunifundisha kwamba kikao kisicho na akidi ni gumzo tu. Angeelewa. Nikatia saini, na mkia mrefu mwishoni.

Karani akahesabu. Akahesabu tena, kidole juu ya kila jina. Akafika juu, kidole kikasimama, akaniangalia. Nikamkumbusha kwamba vichwa si kazi yake. Akainamisha uso, akaandika tisa.

Kumbukumbu zikathibitishwa. Kisha tukasimama dakika moja kumkumbuka, na kwa usahihi wa taarifa nimeandika kwamba wajumbe wote tisa walisimama.