Maktaba ya Sinema, Mogogosiek

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mambo yameharibika. Bwana mmoja wa serikali ameingia chumba changu cha video, ninapoonyesha watu filamu kwa ada, akauliza kama nina ruhusa ya wenye filamu. Nikamwambia kaseti ni yangu. Akasema kaseti ni yangu, filamu si yangu. Sijaelewa mpaka sasa. Amenipa hadi Jumamosi nifunge. Shemeji Ogada, mwenye televisheni, amesema siku nikifunga anaichukua. Nitakula nini?

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Mjini Kericho kuna maktaba inaazimisha watu filamu, inatoza ada, na hakuna anayeisumbua. Kumbe shida ni jina. Nimefuta VIDEO mlangoni, nimeandika MAKTABA. Mke wangu Jerusa akauliza vitabu viko wapi. Nimeweka viwili vya nyimbo za kanisa na kile chake cha kliniki.

Jumatano, 5 Juni
Maktabani watu hunyamaza. Kwa hiyo nimemkataza Chelangat, mchuma chai ambaye husimama kando ya televisheni akiwaeleza watu filamu kwa Kikipsigis. Filamu ilikuwa ya Kichina. Watu walitazamana, wakaondoka mmoja mmoja. Mzee Kipyegon, mteja wangu wa kila siku, aliniuliza ni nani amekufa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemsihi Chelangat arudi, hata kwa kunong'ona. Amekataa. Anasema maneno ni yake, na mimi nimekuwa nikiyatoza ada bila ruhusa. Nikamwambia filamu si yake. Akakubali: filamu si yake, maneno ni yake. Hata yeye sasa! Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 8 Juni
Bwana wa serikali amerudi. Nimemweleza habari za Kericho. Amesema labda wana ruhusa, labda hawana, itabidi aulize Nairobi, lakini mimi nifunge. Kumbe naye hajui! Ogada amebeba televisheni bila kuaga. Nimeumia sana.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya kanisa, umati kwenye banda la kuuzia majani ya chai. Chelangat anasimulia kisa alichotunga mwenyewe, bila televisheni wala kaseti. Mzee Kipyegon alilia. Jerusa alilia. Hapo nikaona makosa yangu yote. Kumbe mali ni sauti! Nilikaa nyuma kabisa na redio-kaseti ya kwaya chini ya koti, nikarekodi mpaka mwisho. Kesho natoa nakala za kuazimisha. Chelangat akitaka kusikiliza, nitampunguzia ada.