Mmiliki: Mfumo

Jumatatu, 6 Mei
Siku ya kwanza ya likizo. Miaka kumi na tisa mtunza ghala, funguo zote kiunoni, na leo nimenyimwa ruhusa na kompyuta ndani ya nyumba yangu! Nilitaka tu kurekebisha saa yake, iliyo nyuma dakika nne. Ikajibu: huna ruhusa, mwone msimamizi. Msimamizi ni mke wangu. Mimi nimeandikwa mtumiaji wa kawaida. Hiyo ni kazi ya shemeji, kaka yake, fundi wa kompyuta, aliyeiweka sebuleni ili dada yake atunzie vipimo vya wateja wa ushonaji. Nikamwomba mke wangu ruhusa kwa upole. Akasema ana sare za kwaya arobaini na mbili za kukabidhi Jumamosi, vipimo vyote vimo humo, kwa hiyo niitazame kwa macho tu. Macho!

Jumanne, 7 Mei
Nimejaribu neno la siri. Jina langu: hapana. Jina langu kwa herufi kubwa: hapana. Majina ya watoto, kuanzia mkubwa, kisha kuanzia mdogo: hapana. Baadaye nikamsikia mke wangu akibonyeza. Mara nane. Hiyo ni tarehe ya harusi yetu, bila shaka. Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Zaidi ya hapo sina kitu. Nikampigia mama mkwe kumjulia hali, swali nikalipenyeza katikati. Alifurahi mno. Akanitajia tarehe, siku, na rangi ya tai yangu. Akasema wanaume wa kukumbuka mambo haya wamekwisha. Nikakubali.

Jumatano, 8 Mei
Nimeingia! Saa nimeirekebisha. Ningeishia hapo, lakini anayekabidhiwa ghala lazima alikague. Nikakuta folda zimeandikwa "Mmiliki: Mfumo". Mfumo ndiye nani, na anamiliki nini sebuleni kwangu? Nikabonyeza hapa na pale hadi nikajiandika mimi. Mashine ikauliza kama nina hakika. Mara tatu! Hata siku ya posa sikuulizwa mara tatu.
Mke wangu mpole ajabu leo. Nyama yangu ilikuwa nono kuliko ya watoto. Akasema mama yake alimpigia, kisha akanitazama kama anayesubiri neno. Nikaomba chumvi.

Alhamisi, 9 Mei
Ukaguzi. Kanuni ya ghala haina mjadala: kitu kisichoguswa na mtu kwa miaka mitano hufutwa daftarini na kutupwa. Nimekuta faili mia mbili na ushee, za tangu zamani, majina hayasomeki. Nimefuta zote, bila upendeleo. Saa kumi jioni kioo kikawa cheusi. Nikamwambia mke wangu umeme ni mdogo. Akauliza mbona friji inanguruma.

Ijumaa, 10 Mei
Mke wangu amelia. Si kwa sauti. Alikaa mbele ya kioo cheusi, futi ya kupimia shingoni. Sare kumi na mbili bado vitambaa, na vipimo vimo ndani. Akauliza niliingiaje. Nikasema kwa tarehe ya harusi. Akasema alidhani niliiulizia kwa ajili yake. Hapo niliumia, nakiri.
Shemeji alifika na mkoba wake. Akauliza nimefuta nini, nikampa orodha, kurasa tano, yenye sahihi yangu. Akaisoma, akakaa chini. Akaeleza kwamba faili hizo haziguswi na mtu kwa sababu mashine yenyewe inazitegemea kila dakika, ndiyo maana zikalindwa dhidi ya watu. Sikupenda alivyonitazama aliposema watu. Vipimo vilikuwa folda nyingine. Alasiri akavitoa vyote salama. Mke wangu akarudi kwenye cherehani bila kugeuka.

Jumamosi, 11 Mei
Sare zote zimekabidhiwa. Kwaya nzima imesimama mlangoni ikamwimbia mke wangu wimbo wa hongera. Kwa sare tu! Shemeji akaleta keki yenye mishumaa. Sikuuliza ya nini. Nimekula vipande viwili.
Kompyuta imepona. Sasa naitwa Mgeni, na saa iko nyuma dakika tano. Mke wangu kabadilisha neno la siri mbele yangu. Akasema kaweka kitu ambacho mimi sitakijua kamwe. Hakuwa akitania.
Kamwe! Nilihesabu alivyobonyeza: mara nane tena. Ni tarehe yake ya kuzaliwa, bila shaka. Kesho asubuhi nampigia mama mkwe, nimwulize mke wangu alizaliwa lini. Atafurahi mno.