Wiki Moja ya Agosti, Bibi Wawili

Jumatatu, 29 Julai

Mkamwana wangu Roelien amekuja botini asubuhi na habari. Wiki ya mwisho ya likizo atakuwa kazini. Mwanangu Wiebe yuko baharini kwenye meli ya kuchimba mchanga, harudi mpaka Septemba. Watoto watalala kwa bibi. Bibi yupi? Amechoka kuvutwa huku na huku, anasema, kwa hiyo mwaka huu watachagua wenyewe. Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana.

Nikamwambia sawa mwanangu, hiyo ndiyo haki. Moyoni nilishaanza kunoa visu.

Adui ni mama yake Roelien, Annemiek. Mwalimu mstaafu. Tangu shule zifungwe amewapeleka watoto kuchuma stroberi, amewapeleka kupotea kwenye shamba la mahindi lililokatwa vichochoro, amewapeleka kwenye kinu cha upepo wakasaga unga wao. Fardou, wa miaka tisa, alinieleza habari za jiwe la kusagia nusu saa nzima. Nikamuuliza, na mkate wake ulikuwaje? Akasema hajawahi kula mkate mtamu kama ule. Wangu ameula tangu aote meno.

Mimi nina boti yangu ya mizigo. Mimi na marehemu mume wangu Durk tulibeba nayo mchanga na viazi miaka arobaini, sasa imefungwa bandarini na mimi nimo ndani. Nyuma kuna vitanda viwili vya ukutani alivyolala Wiebe utotoni. Wajukuu hawajavilalia hata siku moja. Kila mwaka ni kwa Annemiek, eti ana bustani, eti kwangu kuna maji pande zote. Boti ikizungukwa na nyasi ndiyo ya kuogopa.

Wiki hiyo naitaka. Naitaka mpaka meno yananiuma.

Jumanne, 30 Julai

Nimegundua siri yake. Hana akili kunizidi, ana karatasi. Maktaba wana meza ya vipeperushi: wapi pa kupeleka watoto, siku gani, saa ngapi. Yeye huokota kimoja kimoja kama kuku.

Basi nimevichukua vyote. Mifuko miwili ya baiskeli imejaa mpaka gurudumu la nyuma linalia. Aje aokote vumbi.

Mlangoni yule dada wa maktaba, anayenifundisha kuandika siku za Alhamisi, akanishika mkono. Mimi sikukanyaga darasa. Mtoto wa boti anashusha mzigo leo hapa, kesho kule, shule itamkuta wapi? Yeye ndiye aliyenipa daftari hili. Macho yake yaliloa. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magazeti kwamba hajawahi kuona mtu wa kujitolea namna hii, kwenda kuwagawia watoto wote wa bandarini.

Watu wanne walipiga makofi. Ningefanyaje? Nimegawa. Boti kwa boti, mchana kutwa, miguu imevimba.

Jumatano, 31 Julai

Nilibakiza karatasi moja, ile nzuri kuliko zote. Mashindano ya kuvua kaa gatini, Jumamosi. Uzi, kome wa chambo, ndoo, na mtoto amelala kifudifudi kwenye mbao. Hapo Annemiek hajui kitu. Hapo mimi ni malkia.

Nikapiga simu kuwaandikisha Fardou na mdogo wake Sietse. Nafasi zimejaa. Yule bwana akasema ni ajabu, miaka yote wanabembeleza watu, mwaka huu watoto wa bandarini wamejiandikisha wote kwa siku moja. Inasemekana kuna bibi mmoja aliwapelekea karatasi.

Nikakata simu.

Kisha Annemiek akapita na baiskeli yake safi. Nikamuuliza, kama utani, kama amekosa vipeperushi. Hajawahi kuvigusa mwaka huu, anasoma kwenye simu. Akanionyesha. Vyote vimo, na picha za rangi.

Alhamisi, 1 Agosti

Shauri jipya. Nani kasema tunahitaji mashindano? Jumamosi nitawavulisha kaa pembeni ya boti yangu. Jumapili harufu ya bahari itakuwa bado mikononi mwao wakati wa kuchagua. Kilichobaki ni kuishika hiyo Jumamosi kabla mwalimu hajaiweka mfukoni.

Nimekwenda kwa Roelien kunywa kahawa, nikaomba kwenda chooni. Kalenda ya siku za kuzaliwa iko pale pale inapokaa katika kila nyumba ya watu wenye adabu, ukutani mbele ya choo, ambapo mtu hana haraka. Ni mpya. Ile ya zamani ililowa, na Annemiek ndiye aliyenunua hii na kunakili majina kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Nikafungua Februari nijione. Simo. Shangazi wa Groningen yumo. Daktari wa meno yumo. Mbwa yumo. Mimi niliyemzaa mwenye nyumba, simo.

Nikatoa penseli. Jumamosi, tarehe tatu Agosti, nikaandika HILTJE, herufi kubwa, nikakandamiza mpaka ikatokea Septemba. Maana yake iko wazi: siku hii ni ya Hiltje, watoto ni wa Hiltje, mwenye macho asome. Na Annemiek chochote kilichoandikwa anakiheshimu.

Nikatoka, nikala biskuti mbili.

Ijumaa, 2 Agosti

Roelien hapokei simu vizuri. Anasema sawa Mama, njoo kesho saa nne, watoto watakuwepo, halafu anakata. Ameisoma. Nimekata uzi vipande sita, nimenunua kome, nimesugua ndoo. Nimelala nikitabasamu mchana mzima.

Jumamosi, 3 Agosti

Saa nne kamili nimefungua mlango wa nyuma na ndoo yangu. Viti vimepangwa duara sebuleni. Watu kumi na wawili wameketi. Bendera za karatasi. Wote wakasimama wakaanza kuimba.

Nikageuka nyuma nimwone huyo anayeimbiwa. Palikuwa na ua tu.

Roelien akanikumbatia akilia. Eti amekuwa mkamwana wa ajabu, miaka kumi na moja anamwachia Wiebe mambo ya maua na kadi, hata hakujua siku yangu ni Agosti, ameiona chooni. Annemiek naye akasimama mbele ya wote na keki, uso umemwiva. Akasema ni kosa lake, alinakili majina yote akaniruka mimi, na mimi kwa unyonge nimejiandika mwenyewe kwa penseli. Akaomba radhi.

Hapo, nikiri, nilijisikia vizuri kwa muda wa dakika mbili.

Jirani akaniuliza natimiza miaka mingapi. Februari nilitimiza sabini na nne. Nikasema sabini na tano. Mwaka huu nimezeeka mara mbili.

Na sherehe zetu mnazijua. Kila mtu anampa kila mtu mkono. Hongera kwa mama mkwe, hongera kwa bibi, hongera kwa jirani. Kisha unakaa. Kahawa, kipande kimoja cha keki, unakaa. Nikainuka taratibu na ndoo.

"We Hiltje, unakwenda wapi?" Annemiek huyo. "Leo ni siku yako, kaa chini. Hiyo ni ya kaa? Haya, wanangu, tutakwenda mimi na nyie."

Nikamwambia hajui kufunga kome. Akasema Sietse atamfundisha. Sietse ana miaka sita, na nilimfundisha mimi.

Wakaondoka. Ndoo yangu, uzi wangu, kome wangu. Mimi nimekaa kwenye duara muda wa saa nne nzima nikisikiliza habari za goti la shangazi wa Groningen. Waliporudi walikuwa wameloa hadi kwapani, wote watatu. Kaa thelathini na mmoja. Mimi sijawahi kupita ishirini na tano.

Jumapili, 4 Agosti

Sikula vizuri. Roelien akaweka uma chini, akasema haya, tumesikilizana, wiki ile mnataka kwa nani?

Sietse hakungoja. "Kwa Bibi Hiltje. Botini."

Nilitaka kumtazama Annemiek usoni lakini macho yangu yalikuwa na maji. Tisa, miaka tisa nimevingoja vitanda vile vipate watu.

Kisha Fardou akasema, "Na Bibi Annemiek aje pia. Jana kila kaa akitoka majini, Bibi anapiga kelele kama king'ora. Tulicheka mpaka Sietse akajikojolea."

"Kidogo tu," akasema Sietse.

Annemiek akasema hajawahi kulala juu ya maji maisha yake yote. Angependa sana, ikiwa mwenye boti anaruhusu. Meza nzima ikanigeukia.

Nikasema karibu, mwalimu, kitanda kipo.

Tulipoosha vyombo akaniambia polepole kwamba majira yote ya joto amekimbia na orodha mkononi kwa sababu watoto humwambia kwa Bibi Hiltje hatuendi popote na bado hatuchoki. Hilo humkosesha usingizi, alisema. Nikamwambia bomba lina kelele, arudie. Akarudia. Nikamwambia bado sijasikia.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimetafakari vizuri. Annemiek ni mwanamke mwema na nilimkosea. Lakini wiki ina siku saba na boti ni fupi.

Nimekwenda maktaba, meza ya watu wazima. Nimemwandikisha wiki ile yote. Jumatatu, matembezi ya tope baharini maji yakikupwa, mwendo wa saa sita kwa miguu, basi linaondoka alfajiri. Jumanne, mimea ya tuta la kuzuia bahari, na mtaalamu. Jumatano, mtambo wa majitaka, na maelezo. Alhamisi, kusuka vikapu, mji wa mbali. Fomu zote nimejaza kwa mkono wangu, dada wa maktaba akasifu mwandiko. Akauliza kama mama huyo anajua. Nikasema atafurahi mno.

Ijumaa hapakuwa na kitu cha watu wazima. Nimemtia kwenye kuogelea, watoto chini ya miaka kumi na miwili. Penye maelezo ya ziada nimeandika kwamba ni mrefu kwa umri wake.