Kitabu Alichonisomea Zilpah

Jumatatu, 3 Julai 1967. Homa Bay.
Nimeamua. Lazima niwe mwenyekiti wa Chama cha Wasomaji! Shida ni Marcella muuza nguo, naye anakitaka kiti. Mjane, Mkatoliki, tena anasoma huku akipima kitambaa. Mimi mwalimu, mzee wa kanisa la Wasabato, nishindwe? Kitabu cha mwezi huu: karani wa kwetu kampenda binti wa Mzungu. Mji mzima unakizungumzia. Nimefika ukurasa wa nne. Usingizi.

Jumanne, 4 Julai.
Mbinu imepatikana! Binti yangu Zilpah, nesi, atakisoma kisha anisimulie. Amekubali upesi ajabu. Mtoto mtiifu. Mama yake, Benta, amechekea ndani ya kikombe. Sijui ana nini.

Ijumaa, 7 Julai.
Zilpah amemaliza. Ati mwishoni yule baba Mzungu analia, anawafungulia mlango, anawabariki. Machozi yamenilenga. (Ugali ulikuwa moto.)
Sokoni nimesikiliza maoni. Jared mchinjaji hajali rangi. Anauliza Mzungu alipelekewa ng'ombe wangapi, na nani aliwaswaga. Rispa muuza mboga anataka kujua huyo binti alijifunza lini kusonga ugali. Watu hawa hawana fikra za juu!

Jumapili, 9 Julai.
Mkutano wa chama. Ukumbi ulijaa. Nikasimama. Nikasema rangi ni ngozi tu. Nikamsifu yule baba. Nikaapa kwamba kijana akimpenda binti yangu, mlango u wazi, awe wa rangi yoyote, asali kanisa lolote!
Kicheko. Jared akaniuliza, Mwalimu, unamsifu baba yupi? Yule aliyewakimbiza na bunduki mpaka ziwani?
Sijameza mate, Zilpah akasimama. Kando yake Walter, mwana wa Marcella! Akasema kwa adabu zote, "Asante, baba. Tumesikia sote." Makofi. Marcella akaniita mkwe wake.

Jumatatu, 10 Julai.
Mweusi na mweupe, hayo nayaweza. Lakini Jumamosi na Jumapili? Wajukuu wangu watasali lini? Na Walter anakula mumi, samaki asiye na gamba hata moja, najisi kwetu Wasabato! Nimemwambia Zilpah riwaya ni riwaya, nyumba ni nyumba. Akanijibu kwa sauti yangu ya jana: kama rangi ni ngozi tu, magamba je? Kisha akasema, taratibu, kwamba nikikataa hatatoroka. Atabaki hapa, na hataolewa na mwingine.
Hilo sikulitegemea. Chai ikapoa.

Alhamisi, 13 Julai.
Walter amekuja na mama yake. Kaleta ngege, samaki mwenye magamba mpaka mkiani. Kijana anajua kusoma watu! Nimewafungulia mlango. Sikulia. Moshi wa jikoni.
Marcella ndiye mwenyekiti, kwa kura zote. Yangu pia, nilinyoosha mkono nikidhani wanauliza nani anataka chai.
Kitabu kipya kimetangazwa: mzee anayedanganywa na watoto wake. Kinene mno. Nimempa Walter anisomee. Ana uso wa mtu mkweli.