Dirisha Nililowapa Watu Watatu

Jumatatu, tarehe 4

Nimechaguliwa! Mpangaji Mkuu wa karakana ya pamoja ya mtaa wetu. Chumba ni lile ghala la zamani la magunia: kuta nne, mlango mmoja, dirisha moja, panya wasiohesabika. Seremala naye alikitamani hicho cheo. Akaniuliza mbele ya watu nimesomea wapi. Nikamjibu nimekula miaka kumi na moja karakana ya reli. Makofi! (Nilikuwa nafungua geti. Lakini geti la nini? La karakana!) Mwenyekiti, nesi mstaafu asiyecheka ovyo, akasema mafundi wahamie Jumamosi, kila mtu aikute nafasi yake imeshapangwa.

Nikapitia kwa dada kumpa habari. Dada ndiye aliyenilea. Shati langu la kwanza la shule alilishona yeye, na la pili, baada ya mimi kuliuza la kwanza kwa andazi. Mwenye nyumba anakivunja kibaraza anachoshonea. Ana sare za shule sitini za kumaliza, na macho yake siku hizi hayalioni tundu la sindano bila mwanga wa jua. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuomba, kama anaweza kupata pale dirishani. Nikamwambia dirisha ni lako, na atakayelisogelea atanitambua. Alifurahi mpaka akachukua futi akanipima mabega.

Jumanne, tarehe 5

Ramani nimeichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Safi kabisa! Meza ndefu ya wote katikati. Rafu za vifaa. Soketi sita. Mlango sikuuchora. Mlango kila mtu anaujua, wino wa nini?

Fundi redio, tunayemwita Mzee Waya, akaja kuitazama. Aliitazama sana. Kisha akaniita Mhandisi. Mhandisi! Hata mama watoto huniita "wewe". Akasema vidude anavyovichomelea ni vidogo kama chawa, bila mwanga wa dirisha atachomelea kidole. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikampa dirisha.

Dada nitamweleza. Au nitamweleza Mzee Waya. Mmojawapo.

Jumatano, tarehe 6

Seremala kaanza fitina. Anapita akisema ramani yangu inaweza kuwa ya karakana au ya kaburi, hakuna ajuaye. Na leo ndiyo siku ya kuipigia kura! Nikamvuta pembeni. Nikamuuliza, kaka, moyo wako unataka nini hasa? Akasema dirisha, vumbi la mbao lipate pa kutokea. Nikampa. Ramani ikapita bila kupingwa. Seremala alinyoosha mikono yote miwili.

Nikakaa juu ya ndoo, nikatafakari. Watu watatu, dirisha moja. Nikatafakari upya. Bado moja.

Mtu wa kawaida angekwenda kuomba radhi. Mimi nitaongeza dirisha. Ramani inaonyesha wazi: nyuma ya ukuta wa kushoto ni uchochoro mtupu. Wanyonge watapata mwanga, na mimi sitamwambia mtu neno.

Alhamisi, tarehe 7

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una malengelenge.

Nilikwenda na nyundo kubwa na patasi. Nikafungua ramani. Nikagonga ukuta kwa kidole, ukaitika kama debe. Tofali la kwanza likatoka kama jino bovu. La pili. La tatu. Vumbi, kisha mwanga! Nikapiga kelele ya ushindi.

Upande wa pili nao wakapiga kelele.

Ramani nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu. Bila mlango, utajuaje? Kushoto kwangu kulikuwa kulia. Nyuma ya ukuta ule hakuna uchochoro, kuna kinyozi. Kile kioo chake kikubwa kilikuwa kimetundikwa palepale nilipogonga. Kilikuwa. Na kitini, kafunikwa shuka mpaka shingoni, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu, alikaa Seremala.

Tukatazamana tunduni. Akaniuliza kama huko reli ndiko nilikofundishwa kunyoa watu kwa nyundo. Nikasema naongeza dirisha. Akasema la nini, wakati lililopo nimeshampa yeye? Hapo nyuma yangu Mzee Waya, aliyekuja mbio kufuata kishindo, akasema samahani, dirisha ni lake, kapewa na Mhandisi mwenyewe. Povu likatikisika. Wote wakanigeukia. Nikageukia mlango nikimbie.

Ndipo nikamwona dada mlangoni. Amekumbatia kichwa cha cherehani chake, amekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Alikuja mapema kuona pake. Kasikia yote.

Hakunifokea. Angenifokea ningepona. Aliniuliza tu: "Mdogo wangu, hata mimi?" Akageuka, akaondoka na cherehani chake.

Nilitamani kujificha kwenye lile tundu. Lilikuwa dogo. Na lilikuwa na Seremala.

Ijumaa, tarehe 8

Asubuhi sikutoka. Mama watoto akauliza, akija mtu aseme nimesafiri? Nikasema ndiyo, tena mbali. Akasema basi nimechelewa, keshamwambia kinyozi, aliyeko sebuleni, kuwa niko uvunguni.

Kinyozi kaondoka na kioo cha kabati letu. Mama watoto kasuka nywele akijitazama kwenye sufuria. Kila nikipita anaitua kwa kishindo. Sufuria ndiyo inayosema.

Adhuhuri nikajikokota mpaka kwa dada. Kibaraza kimebaki kifusi. Anashonea kizingitini, kila anayepita anamruka. Uzi uliikwepa sindano mara tano, nikimtazama. Nikaichukua sindano mkononi mwake, nikaitunga. Hakuniangalia. Nikazitunga zote kumi na mbili alizo nazo, nikazichomeka moja moja kwenye kitambaa, nikaondoka bila kuaga. Njia nzima nilitembea upande wa ukuta kama mwizi wa kuku.

Jumamosi, tarehe 9

Siku ya kuhamia. Nikapanda juu ya ndoo mbele ya watu wote. Ndoo inalia. Nikasema ukweli: dirisha moja nimewapa watu watatu, na wa kwanza alikuwa dada yangu. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshawaka, nikasema na lile la reli. Kwamba nilikuwa nafungua geti.

Nilitegemea watashtuka. Mwenyekiti akasema habari za geti wanazijua miaka yote. Walinichagua kwa sababu sikuwa nanyamaza na watu walitaka kurudi nyumbani.

Laiti ndoo ingenimeza!

Seremala akasimama. Nusu ya ndevu bado anayo, anasema ni ushahidi. Nikajikunja. Lakini akasema mbao hata kipofu anaranda, sare za watoto zinataka macho, dirisha apewe dada yetu. Mzee Waya akasema kweli kabisa, na yeye ana taa ya mezani. Taa ya mezani! Siku zote anayo! Wakati mimi nagonga kuta za watu!

Dada akaletwa. Seremala mwenyewe alimbebea meza mpaka dirishani, akaipangusa kwa kiganja, akamwita mama. Dada akamwambia asante mwanangu. Mimi hakuniambia kitu. Kofi la adui unalizoea. Wema wake unakula mpaka mfupa.

Adhabu yangu ni kuliziba tundu. Nimeziba kutwa nzima, na kinyozi upande wa pili akinielekeza, huku akinyoa. Wateja walichungulia mmoja mmoja wakanipa pole ya kicheko.

Jumatatu, tarehe 11

Dada kaniita dirishani. Sare arobaini tayari! Jua limeketi mezani pake kama mgeni wa heshima. Akanipa shati jipya, lile alilonipimia. Kisha akaniapisha, mkono juu ya cherehani, kwamba sitamwahidi mtu tena kitu nisichokuwa nacho. Nikaapa. Machozi yalinitoka, nikayapangusa kwa mkono wa shati. Mimi sasa ni mtu mpya.

Hatua kumi nje, fundi baiskeli. Kaniita Mhandisi. Anaomba nafasi ya mlangoni, baiskeli ziingie bila kugonga watu. Ombi la haki! Nikampa. Kisha mshona viatu. Huyu kaniita Mhandisi Mkuu. Ningefanyaje? Kisha mchora vibao, ambaye ni shemeji yangu, na dada yake bado anasukia nywele kwenye sufuria. Nikampa.

Mlango mmoja, watu watatu. Si kitu. Uchochoro uko nyuma ya ukuta wa kulia, sasa najua. Nyundo nimeshaiazima. Na ramani nimeichora upya, safari hii ina mlango. Kwa usalama zaidi, nimeuchora pande zote mbili.